Makaburi ya Mlangwe, Chui wa Sonpahar

Mlangwe, Iringa
5 Januari 2025

Mwanangu Generosa,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Landani haijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, mahindi yanaendelea vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Krismasi tulikuwekea nafasi yako mezani. Ikakaliwa na baba yako mdogo Linus, ambaye unajua haachi kiti kikae bure mbele ya nyama.

Naandika kwa kalamu kisha napiga picha kwa simu uliyonitumia, kwa sababu mambo ya ukoo nikiyasema kwa simu, kwa sauti yangu hii, kijiji kizima kinasikia. Ukiona kidole kwenye kona ya picha ni changu, usikishangae.

Jambo lenyewe ni hili. Bonde letu, kule tulikoishi kabla ya kijiji kuhamia huku juu, linaingizwa kwenye hifadhi. Tembo wanapita pale, simba wanapita pale, na wakubwa wanasema njia yao isizibwe. Mimi sina ugomvi na tembo. Lakini makaburi yetu yako pale: babu yako, bibi yako, na mama yako. Tumepewa njia mbili. Ama tuwafukue wazee wetu tuwazike upya huku juu, na saruji watatoa wao, ama tuwaache na tusikanyage tena. Linus anataka tufukue. Anasema makaburi mapya yatawekwa vigae. Nimemwambia mifupa ya baba yangu si magunia ya mahindi, eti tunahamisha ghala.

Ukoo utakaa mwanzoni mwa Machi, halafu ndipo tutakutana na watu wa hifadhi. Wewe ni mtoto wangu wa kwanza, na neno lako juu ya mama yako lina uzito kuliko la Linus na vigae vyake. Chukua likizo uje. Siku ya mazishi yake, miaka minne iliyopita, pasipoti yako ilikuwa imekwama kwenye maombi ya karatasi za kuishi huko, na hapa hakuna aliyekulaumu. Lakini kaburi la mama yako hujaliona hata kwa jicho moja, na mimi sitaki lifungwe kabla hujasimama pale.

Akusalimuye,
Baba yako, Deus Kihwele


Hayes, Landani
19 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Nimefurahi kusikia mko wazima, na goti nalisalimia kwa heshima zake. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ipo, lakini jikoni kwetu kuna joto. Si unakumbuka, nipo kwenye lile jiko kubwa karibu na uwanja wa ndege, tunapanga trei za chakula cha abiria. Naweza kufunga trei ya kuku huku nikizungumza na watu wawili.

Barua yako niliisoma ndani ya basi nikapitiliza kituo. Nililia, baba, sitakuficha. Kisha nikajifuta, maana kulia hakujazuia hifadhi yoyote duniani.

Anayesimama mbele yangu kwenye mstari wa trei ni Mama Usha, Mhindi, mtu mzima, mkali kwa wavivu. Nilipomweleza habari ya bonde aliacha kazi, na sijawahi kumwona akiacha kazi. Akasema kijiji cha mama yake kiko katikati ya hifadhi ya chui milia inayoitwa Sonpahar. Watu walihamishwa yeye akiwa tumboni. "Generosa, listen," akaniambia, "hatukuhamisha chochote, na bado tunaingia. Kila mwaka, siku moja, na askari wao wanatusindikiza. Come and see." Siku yenyewe ni mwishoni mwa Februari, sikukuu ya mungu wao Shiva, na yeye anaenda.

Baba, likizo niliyonayo ni moja tu hadi mwakani. Nimeiomba, nimepewa, na ninaenda India. Tafadhali soma mstari huu mara mbili kabla ya kurusha miwani. Nikija huko nitakuwa mdomo mmoja zaidi kwenye kikao, na tutachagua kati ya njia zile zile mbili mlizopewa. Nikienda Sonpahar naweza kurudi na njia ya tatu. Mimi ni mtoto wako, siendi kutalii. Naenda kuangalia wenzetu walifanyaje, kisha nitakuandikia kila kitu kabla ukoo haujakaa.

Mwambie baba mdogo Linus vigae avitafutie bafu.

Mwanao anayekupenda,
Generosa


Mlangwe
27 Januari 2025

Generosa,

Salamu umezipata.

Nimesoma mara mbili. Miwani sikuirusha kwa sababu ni moja. Mwaka uliozaliwa simba alilala nyuma ya choo chetu siku tatu, na hatukukata tiketi kumwona. Leo binti yangu anapanda ndege kwenda India kumtazama paka mwenye mistari, na mama yake analala bondeni akisubiri kufungiwa mlango. Majirani wakiniuliza nitasema nini? Kwamba umeenda kusoma namna ya kuzika?

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hilo unalijua, nilikufundisha mwenyewe.

Nenda basi, umeshakuwa mkubwa. Huko porini usivae nguo nyekundu na usishuke kwenye gari.

Baba


Sonpahar, India
28 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na hasira imepungua kidogo. Mimi ni mzima, sikuvaa nyekundu, ila kwenye gari nilishuka, maana siku ya sikukuu kila mtu anaingia kwa miguu. Kaa chini, barua hii ni ndefu, na naomba uisome mbele ya ukoo wote.

Kwanza nikupe mwitu wenyewe, maana najua utauliza hata ukiwa umenuna. Ni msitu mnene wa miti mirefu iliyonyooka, si kama nyika yetu. Huku jicho halisaidii sana, ni sikio. Tumbili wana uso mweusi na mikia mirefu, na wanakaa juu ya miti wakilinda. Chui milia akitembea chini, tumbili anakohoa, paa mwenye madoa anapiga filimbi, na msitu wote unanyamaza. Siku ya kwanza tulizunguka na jipi tangu alfajiri tukaona tausi, dubu, nyati wakubwa wenye soksi nyeupe miguuni, na ngome ya mawe juu ya mlima, kuta zake zimechongwa miungu na tembo na wapiga ngoma. Chui tukaona nyayo tu. Mama Usha akasema, "Tulia, yeye ameshatuona." Hapa hawamtaji jina wakiwa msituni. Wanasema mwenye nyumba.

Siku ya pili ndiyo iliyonileta. Getini walikuwa watu kama mia tatu, wazee kwa watoto, wa vijiji vile vilivyohamishwa. Askari wanakagua mifuko: hakuna plastiki, hakuna kiberiti, hakuna chakula kilichopikwa. Kwenye mkoba wangu wakakuta unga wa ulezi nilioununua duka la Waafrika kule Peckham, Landani. Askari akauliza ni nini. Nikamwambia kwetu mtu haendi kwa wazee mikono mitupu. Akamtazama Mama Usha, Mama Usha akamweleza kwa lugha yao, akaniruhusu nishike konzi moja.

Tukatembea saa nzima, askari mbele, askari nyuma, watu wakiimba kwa sauti kubwa ili wanyama wajue tunapita. Kijiji cha kina Usha kimebaki misingi tu na miti mikubwa. Nami, kwa uhodari wangu, nikaona rundo la mawe limepangwa vizuri kwenye kivuli. Nikajua ni makaburi, yatakuwa nini tena? Nikapiga magoti, nikanyunyiza unga, nikaanza kuwasalimia wazee wa watu kwa Kihehe. Nimefika mbali kabisa, nimeshawaombea na mvua, ndipo nikasikia vicheko nyuma yangu. Mjomba wake Usha akasema, "Dada, hapo ng'ombe wetu walikuwa wanaogeshwa."

Baba, nilitambikia josho la ng'ombe! Tumbili wakashuka wakaramba unga wote.

Nikauliza basi makaburi yako wapi, wakacheka tena. Hawana. Wao wafu wao huwachoma na majivu wanayamwaga mtoni. Pale kijijini hawana hata mfupa mmoja. Nikamuuliza yule mjomba, sasa mnarudi kwa ajili ya nini? Akanionyesha pango dogo lenye jiwe la Shiva limepakwa mafuta, kisha ngazi za bwawa walilochimba babu zao, na mwembe ambao mama yake Usha alifungiwa ndoa chini yake. "Kwa hivi," akasema. Wakafagia ngazi, wakaweka maua, wakakaa. Hakuna aliyehubiri. Mama Usha, yule mkali wa trei, alikaa ngazi ya mwisho akiwa ameloweka miguu kwenye maji na analia kwa raha.

Tulipokuwa tunarudi tumbili wakakohoa. Askari wa mbele akanyoosha mkono, tukasimama wote mia tatu, wimbo ukakatika. Akatoka kwenye majani, hatua kama hamsini kutoka tulipo, akavuka njia yetu taratibu bila kugeuza kichwa. Baba, yule si paka. Simba wetu ana ukubwa wa mfalme, sikatai, lakini yule amepita kama mtu anayekwenda chumba kingine nyumbani kwake. Wazee wakakutanisha viganja kumwamkia. Akapotea. Tukasubiri, tukaendelea.

Nilizungumza na mkuu wa askari. Masharti ni haya: siku moja inayojulikana, kuingia asubuhi na kutoka kabla ya saa kumi, kwa miguu, bila moto, na wazee wa kijiji wenyewe ndio wanaowazuia vijana wao wasitege wala kukata miti mwaka mzima, kwa sababu wanajua wakiharibu, mlango unafungwa. Alisema hana askari wazuri kuliko wale wazee.

Kwa hiyo neno langu kwa ukoo ni hili. Watu wasio na kaburi hata moja wanaingia kusalimia ngazi za bwawa. Sisi tuna baba, tuna mama, tuna majina yao. Msimfukue mama yangu. Ombeni siku.

Mwanao,
Generosa


Hayes
30 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Mwezi mzima umepita bila neno, na simu ukipigiwa unasema "nipo kikaoni" unakata. Kikao gani cha mwezi mzima?

Kama bado umenuna, nuna kwa maandishi. Nikiwa kazini natazama simu kwenye mfuko mpaka msimamizi amenionya. Niambie tu kama wamemfukua. Nitavumilia kujua. Kutojua ndiko kunakonishinda.

Mwanao,
Generosa


Mlangwe
12 Aprili 2025

Mama, mwanangu Generosa,

Kamwene, kamwene tena. Sisi wazima. Mama yako amelala palepale alipolala, hakuna aliyemgusa. Nimeliweka hilo mbele ili upumue. Sasa soma polepole. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Barua yako niliisoma mbele ya ukoo baada ya misa. Nilipofika kwenye josho la ng'ombe shangazi yako alicheka mpaka akatolewa nje. Lakini mwisho wake hakuna aliyecheka. Linus akasema, "Kama wale wenye ngazi tu wanaruhusiwa, sisi tunafukua nini?" Vigae vikaishia hapo. Na mimi nikawaambia wazo la siku moja nilikuwa nalo tangu zamani, ila nilikuwa nangoja mtu wa kulithibitisha.

Kikao na hifadhi kikaahirishwa mara mbili, ndiyo maana kimya. Mara ya tatu akaja mkubwa wao, kijana msafi, Bwana Rajab, na faili zake. Nikamweleza Sonpahar yote, masharti yote. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee wangu, hiyo ni India. Hapa utaratibu haujaruhusu." Nikarudia. Akarudia. Nikaona jua linazama na mama yako anaanza kunipotea mikononi. Moyo uliniuma, Generosa, nakwambia kweli.

Ndipo katibu wao akasoma muhtasari, "Bwana Rajab Komba amesema..." Nikasimama. Nikamwuliza, "Komba? Komba wa wapi?" Akasema, "Wa Songea." "Mngoni?" "Mngoni, mzee." Ukumbi ukaanza kunguruma, maana kila mtu ameshaona ninakokwenda. Mngoni na Mhehe! Watani wangu wa tangu vita vya mababu! Nimekaa saa nne nikimwita Bwana, kumbe ni wa kwangu.

Nikavua koti nikamvalisha. Nikavua kofia nikamkandamiza nayo kichwani mbele ya askari wake. Nikamwambia, "Mtani, mambo yamekwisha. Msiba wa Mhehe mwenye kazi ni Mngoni. Umechukua bonde, basi chukua na maiti zake. Kuanzia leo mjane ni wewe. Utafyeka wewe, utapika pombe wewe, mke wangu akikujia ndotoni kudai ugali utasonga wewe. Na mimi nikifa utanibeba mgongoni mpaka bondeni, na nina uzito." Kisha nikalala chali mbele ya meza yake nikamwambia aanze mazoezi.

Akacheka mpaka faili zikaanguka. Akasema Wahehe tulizoea kulala chini tangu Wangoni walipotupiga. Nikamwambia waliotupiga walikuwa wanakimbilia upande gani? Ukumbi hoi. Halafu akaniinua mwenyewe kwa mikono miwili, na koti langu bado amelivaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, huyo mama mlimzika bila kutuita sisi?" Nikasema ndiyo, huku juu hatukuwa na Mngoni hata mmoja. Akasema, "Basi nina deni la msiba kwenu." Akaomba barua yako. Akaisoma yote akiwa amesimama. Akasema, "Mimi kusema ndiyo sina uwezo, lakini kalamu ninayo, na sitaki kufuatwafuatwa na marehemu wa Kihehe." Ameandika kwa wakubwa wake masharti yale yale ya Sonpahar, siku moja kila mwaka, baada ya mavuno.

Watakubali. Nakwambia watakubali. Koti hajarudisha, na mimi sitalidai mpaka jibu litoke.

Baba yako


Hayes
2 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, mzee wa kulala chali. Mimi mzima. Mama Usha nilimsomea barua yako wakati wa chakula, nikimtafsiria. Alipiga meza mpaka chai ikamwagika, akasema huko kwao walipeleka mawakili miaka sita, kumbe ilitakiwa kofia.

Siku ikipatikana mwaka huu sitaweza kuja, likizo niliimaliza India. Lakini sijuti, baba. Ningekuja Februari, ningeliona kaburi mara moja tukalifukua. Nenda unisalimie kwa mama.

Mwanao,
Generosa


Mlangwe
20 Julai 2025

Mwanangu mpendwa Generosa,

Kamwene. Uhali gani? Sisi wazima wote, mavuno yamejaa, na goti jana limetembea kwenda bondeni na kurudi bila kulalamika.

Jibu lilitoka mwezi wa sita. Siku imepatikana: Jumamosi ya tatu ya Julai, kila mwaka. Jana tumeingia kwa mara ya kwanza, watu sitini na wawili, askari mbele, askari nyuma, na tuliimba kama wale wenzetu, ingawa Linus aliimba vibaya kiasi kwamba tembo waliokuwa mtoni waliondoka. Mtani wangu Rajab alikuja na familia yake kutoka Songea. Alivaa koti langu. Lilimpwaya, akalikunja mikono.

Tulifyeka kaburi la babu yako, tukafyeka la bibi yako, tukamwaga pombe na unga, nikawaambia wazee yote yaliyotokea, tangu mwanzo. Nikawaeleza na habari za India, na josho. Nadhani walicheka.

Kaburi la mama yako halikufyekwa. Rajab alishika fyekeo akasema hapa ndipo penye deni lake, anaanza. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mtani, deni lako lipa kwa wengine. Huyu ana mwenyewe." Kwetu kaburi la mzazi linafunguliwa kwa fyekeo la mtoto wa kwanza, hata wewe unajua, na miaka minne hii majani yamefika kifuani kwa sababu sikumruhusu mtu yeyote ayakate. Linus alinisema, shangazi yako alinisema, kwamba namwaibisha marehemu. Nilivumilia. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa huna pa kupita, kwanza karatasi, kisha hifadhi, na sikutaka kukupa mzigo usio na njia.

Sasa njia ipo, na wewe ndiye uliyeileta. Nilipiga magoti mbele ya yale majani nikamwambia, "Mama Generosa, usidhani umesahauliwa. Mwenye kazi yuko njiani, mwaka ujao siku kama ya leo atakufagilia." Nimesema hivyo mbele ya watu sitini, na Mngoni na familia yake. Kwenye kaburi mtu hasemi uongo, na mimi sijaanza leo.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Baba yako, Deus Kihwele